Seti ya Gati la Mbao kwa Reli ya Modeli: Sakafu Nzuri, Miguu Mifupi

Seti ninayoitathmini ni ya gati la mbao lenye ghala moja, katika skeli ya HO, yaani 1:87. Nimeijenga, nikaibomoa kwa kiasi, nikaijenga upya, na kazi yote imechukua miezi mitatu ya jioni na siku za mapumziko. Jina la kampuni iliyoitengeneza sitalitaja, kwa kuwa kasoro zake kubwa nimezikuta pia katika seti za watengenezaji wengine, na mnunuzi atafaidika zaidi akijua cha kukagua kuliko akijua jina la kuepuka. Gati hilo leo limekaa kwenye ubao wangu wa reli, yaani meza ninayoendeshea treni zangu za modeli, na ninaliona zuri, ingawa karibu nusu ya kinachoonekana hakikutoka sandukuni.

Sandukuni mlikuwa na vipande vya mbao laini vilivyokatwa kwa leza, fito za mviringo zenye kipenyo cha milimita 3 kwa ajili ya nguzo, kuta za ghala, karatasi zenye migongo za kuezekea paa la bati, mfuko wa vifaa vidogo vilivyomiminwa kwa rezini, chupa ndogo ya maji ya bandia, na kijitabu cha maelekezo chenye picha nyingi na maneno machache. Sakafu ya gati ikikamilika ina urefu wa sentimita 46 na upana wa sentimita 15, vipimo ambavyo katika ulimwengu halisi vingekuwa takribani mita 40 kwa 13. Hilo si gati la meli ya bahari kuu. Ni gati la matishali, mashua za injini na meli ndogo za mwambao, na kwa ubao wa reli uliowekwa chumbani ukubwa huo ni wa busara, kwa sababu gati kubwa humeza nafasi yote na kuacha reli ikionekana kama nyongeza.

Nianze na sakafu, ambayo ndiyo fahari ya seti hii. Watengenezaji wengi hutoa bamba moja la plastiki lililochorwa mistari ya kuigiza mbao, na hata ukilipaka rangi kwa ustadi namna gani, jicho huona mara moja kwamba mistari yote ni sawa na hakuna ubao uliopinda, uliochakaa au uliobadilishwa. Hapa kila ubao umekatwa peke yake, kwa upana wa milimita 3 na unene wa milimita 1.2, yaani takribani sentimita 26 kwa 10 za kweli, vipimo vinavyoaminika kabisa kwa sakafu inayobeba mizigo. Maana yake ni kwamba mjenzi anaweza kuacha ufa hapa na pale, kuvunja ncha ya ubao mmoja, kupachika mbao mbili mpya zenye rangi ya kung'aa katikati ya zile za kijivu, na kusogeza vichwa vya misumari visikae kwenye mstari mmoja kama askari wa gwaride. Nilitumia jioni nne kwa sakafu peke yake na sikuona kama ni muda uliopotea. Leza huacha kingo nyeusi kidogo kwenye kila ubao, jambo ambalo katika sakafu ni neema, kwa kuwa giza hilo hutenganisha ubao na ubao bila kupaka chochote. Katika pembe za kuta za ghala giza hilohilo ni balaa, na usipolisugua kwa msasa laini kabla ya kuunganisha, kila kona ya ghala itakuwa na mstari wa masizi.

Kijitabu cha maelekezo kinamwagiza mjenzi abandike mbao kwanza kisha azipake rangi. Agizo hilo lipuuzwe. Gundi nyeupe ya mbao ikigusa uso wa ubao huziba vinyweleo vyake, na rangi ya majimaji ikipita juu yake haizami, kwa hiyo unabaki na mabaka meupe yasiyofutika. Mimi nilizipaka mbao zote zikiwa bado ziko huru, kwa wino mweusi uliozimuliwa kwenye spiriti, nikizipaka pande zote mbili na kuzilaza chini ya kitabu kizito hadi zikauke, kwa sababu mbao nyembamba ikiloweshwa upande mmoja tu hupinda kama ganda la ndizi. Baadhi yake nilizifanyia njia ya pili, ya kulaza sufi ya chuma ndani ya siki kwa siku kadhaa na kuipaka siki hiyo kwenye ubao. Chuma kilichoyeyuka hukutana na tanini ya mti na kutoa kijivu cha mbao zilizopigwa na jua kwa miaka. Mbao za seti hii zina tanini kidogo, hivyo ilinibidi nizipake kwanza chai nzito isiyo na kitu kingine, niziache zikauke, ndipo nipake siki. Matokeo hayatabiriki, na katika sakafu ya gati kutotabirika huko ndiko kunakotakiwa.

Sasa nishuke chini ya sakafu, ambako sifa zinaishia.

Nguzo zilizomo katika seti hii, zikikatwa kama inavyoelekezwa, zina urefu wa milimita 20. Zidisha kwa 87 upate mita 1.74. Mtu mzima wa kimo cha kawaida angeweza kusimama juu ya kitanda cha bahari, chini ya gati hili, kichwa chake kikagusa boriti na miguu yake ikawa penye udongo. Kijitabu kinasema gati liwekwe juu ya ubao bapa na maji ya bandia yamiminwe kuzunguka nguzo kwa kina cha milimita chache, na picha ya mbele ya sanduku imepigwa kutoka juu kwa mshazari ili ufupi huo usionekane. Nadhani watengenezaji wanajua tatizo hili vizuri, ila wanamhurumia mnunuzi ambaye hataki kukata ubao wake wa reli. Huruma hiyo inaliua gati. Nyumba inaweza kuwekwa juu ya meza ikaeleweka kuwa nyumba. Gati ni jengo ambalo nusu yake imo chini ya mstari wa reli, na usipoipa nafasi ya kushuka, unabaki na jukwaa.

Kosa la pili limo katika idadi ya nguzo. Seti ina safu 9 za nguzo 5 kila moja, na kutoka safu hadi safu ni milimita 57, yaani takribani mita 5. Kwa gati la kutembea watu au la kuanika nyavu ningenyamaza, lakini hili limeandikwa kuwa gati la reli, na behewa lililojaa shehena, pamoja na kichwa cha treni kinacholisukuma, huhitaji safu zilizokaribiana zaidi, mita 3 na kitu hivi, tena na boriti zilizokusanywa chini ya kila reli. Kipenyo cha milimita 3 nacho ni sentimita 26, chembamba kwa nguzo ya kazi nzito. Jicho la mtazamaji halihesabu sentimita, lakini linahisi udhaifu: gati la seti, likijengwa kama lilivyo, linaonekana kama linasubiri kuanguka.

Kwa hiyo niliziweka kando fito zote za sandukuni, nikatafuta za milimita 4, ambazo ni sentimita 35 za kweli, nikazikata kwa urefu wa milimita 38 na kuzipanga katika safu 13 zenye nafasi ya milimita 38 kati yake. Zikawa nguzo 65 badala ya 45. Ukumbi wa chini ya gati ukabadilika mara moja ukawa msitu wenye giza, kama unavyotakiwa kuwa. Ubao wangu wa reli umeundwa kwa bodi za povu gumu juu ya fremu ya mbao, hivyo kuukata na kushusha eneo la maji hakukuwa kazi kubwa. Aliyejenga juu ya mbao ngumu moja kwa moja atalazimika kutumia msumeno, au kuinua reli yake yote, na hapo ndipo anapopaswa kujiuliza mapema kama kweli anataka bandari.

Katika kuunganisha, nashauri gati lijengwe kichwa chini. Nilitandika kipande cha kioo juu ya meza, nikalaza boriti za vichwani juu yake, nikabandika nguzo zikielekea juu, na kwa njia hiyo vichwa vyote vikawa usawa mmoja bila kupima. Ncha za chini zikitofautiana kidogo hazidhuru, kwa kuwa zitazama kwenye matope na maji. Kijitabu kinaelekeza kinyume chake, sakafu kwanza na nguzo kuchomekwa baadaye moja moja kutoka chini, na ninaamini aliyekiandika hakuwahi kujaribu kufanya hivyo akiwa na gundi mbichi mkononi. Mbao za mshazari zinazofunga safu ni nzuri na zimekatwa kwa usahihi, lakini zimepimwa kwa nguzo za milimita 20. Ukirefusha nguzo utazikata upya zote.

Hapa ndipo nilipofika kwenye sehemu ya kazi iliyonifurahisha kuliko zote, na ambayo seti haiigusi hata kwa neno moja: eneo lililo kati ya maji kujaa na maji kupwa. Nguzo ya bandarini haina rangi moja. Nilichukua kwa mfano bandari ya New York, ambako tofauti ya wastani kati ya kujaa na kupwa ni kama mita 1.4, na katika HO hizo ni milimita 16. Maji yangu nimeyaweka yakiwa yamepwa, kwa hiyo kila nguzo inaonyesha milimita 22 za juu zilizo kavu na milimita 16 za chini ambazo hufunikwa na kufunuliwa kila siku. Sehemu ya juu ni nyeusi inayoelekea kahawia, imechujuka kuwa kijivu upande wa jua. Ya chini ni nyeusi yenye unyevu, ikiwa na utando wa kijani cha mwani karibu na mstari wa juu na vikombe vyeupe vya viumbe wagandao chini yake. Vikombe hivyo nilivitengeneza kwa unga wa mbao uliochekechwa, ukanyunyizwa juu ya gundi nyembamba na kuguswa kwa brashi kavu yenye rangi ya maziwa iliyochafuliwa. Mstari wa mpaka usichorwe kwa rula. Uwe usawa mmoja kutoka nguzo hadi nguzo, maana maji ni fundi wa usawa, lakini ukingo wake uwe umechanika.

Weusi wa nguzo una asili yake. Mwaka 1838 John Bethell alipata hataza nchini Uingereza ya kusukuma mafuta ya lami ndani ya mbao kwa shinikizo, na tangu hapo mafuta hayo, yaani kreosoti, yakawa kinga kuu ya nguzo za magati na mataruma ya reli. Adui aliyekuwa akikingwa ni wa aina mbili. Wa kwanza ni Teredo, ambaye watu humdhania mnyoo ingawa ni wa jamii ya chaza, naye hutoboa mbao kutoka ndani hata nguzo inayoonekana nzima ikawa imebaki mapango matupu. Kati ya mwaka 1919 na 1921 magati mengi ya kaskazini mwa Ghuba ya San Francisco yaliporomoka kwa sababu yake. Wa pili ni Limnoria, mdudu mdogo wa jamii ya kamba, naye hula kutoka nje, katika eneo la maji kupwa na kujaa, hadi nguzo ikawa nyembamba kiunoni kama kinu. Kwa mjenzi wa modeli huyu wa pili ni zawadi. Chukua nguzo tatu au nne za pembeni, zikwangue kwa kisu katika milimita 16 zile za chini mpaka zipate kiuno, kisha funga mojawapo kwa gamba la karatasi lililopakwa rangi ya kutu, kana kwamba mafundi waliitia bangili ya kuiokoa. Hakuna seti niliyowahi kuiona yenye nguzo kama hizo, na ni kazi ya dakika 10. Picha za kijitabu, kwa upande wake, zinaonyesha nguzo zilizopakwa rangi ya mbao mbichi kutoka juu hadi chini, kama miguu ya meza iliyotoka kwa seremala asubuhi ya leo.

Ghala ni la kadiri. Kuta zina mbao zilizo wima zenye upana unaofaa, milango ya kuteleza inaweza kuachwa wazi au nusu wazi, na vipimo vya mlango vinaruhusu mkokoteni kupita. Paa ndilo lililonikera. Karatasi za bati zina mgongo mmoja kila milimita 1.5, ambazo ni milimita 130 katika ulimwengu halisi, wakati bati la kawaida lina mgongo kila milimita 76 hivi, na hapa duniani hakuna asiyelijua bati. Ukiliona lina migongo mipana namna ile unajua tu kwamba kuna jambo haliko sawa, hata kabla ya kupima. Dawa yake niliipata kwenye kisanduku cha bolti. Uzi wa bolti ya M5, yaani ya kipenyo cha milimita 5, una hatua (umbali kutoka mgongo hadi mgongo) ya milimita 0.8, ambayo katika HO ni sentimita 7. Nilitandaza karatasi nene ya alumini juu ya kadibodi laini, nikabingirisha fimbo yenye uzi wa M5 juu yake kwa kukandamiza, na migongo ikatoka safi. Mistari hutoka na mshazari wa nyuzi 3 hivi kwa sababu ya mzunguko wa uzi, kwa hiyo bati lazima likatwe kwa kufuata mistari yenyewe na si kwa kufuata ukingo wa karatasi. Kila bati nilibandika peke yake, likipanda juu ya jirani yake kwa mgongo mmoja, na machache nikayakunja ncha kama yaliyoinuliwa na upepo. Karatasi za seti sikuzitupa. Zimekuwa rundo la bati kuukuu nyuma ya ghala, na zikiwa rundo, zikiwa zimepakwa kutu nzito, makosa yao hayaonekani.

Kuhusu reli yenyewe, maelekezo yanatosheleza kwa kiasi. Katika gati ambalo mikokoteni na malori hupita, mbao hujazwa kati ya reli hadi karibu na kichwa cha reli. Nilitumia reli ya kodi 83, yenye kimo cha milimita 2.1, na mbao za seti za milimita 1.2 zikaachwa chini mno, hivyo nikazipandisha kwa kadi ya nusu milimita. Zibaki chini ya kichwa cha reli kwa kiasi kidogo kinachoonekana, kwa sababu ubao ukisimama juu zaidi ya reli hata kwa unene wa karatasi, magurudumu yatainuka, umeme utakatika, na kifaa cha kusafishia reli kitaukwangua kila kipitapo. Upande wa ndani wa kila reli niliacha mfereji wa milimita 1.3 kwa ajili ya ukingo wa gurudumu, nikaupima kwa kupitisha behewa lenye magurudumu mabovu kuliko yote niliyonayo. Kijitabu hakitaji mfereji huu, na anayejenga kwa mara ya kwanza atagundua umuhimu wake siku behewa litakapopanda sakafuni.

Chupa ya maji ya bandia ni bora isingewekwa kabisa. Ujazo wake hautoshi hata robo ya eneo linaloonyeshwa kwenye picha ya sanduku, na mfano niliomimina kwenye kibao cha majaribio ulibaki unanata baada ya wiki nzima. Hata rezini ya kuigizia maji iliyo nzuri ina tabia mbili za kuogopwa bandarini. Hupenya kwenye kila tundu, ikatafuta njia ya kushuka sakafuni mwa chumba, na hupanda kwenye nguzo kwa kujivuta, ikaacha pindo linalong'aa kuzunguka kila moja, mithili ya nguzo zilizochomekwa kwenye jeli. Nikiwa na nguzo 65, sikuwa tayari kupambana na mapindo 65. Maji ya bandari inayofanya kazi hayana uwazi hata hivyo. Ni ya kijani kilichochanganyika na kahawia, na macho hayaoni zaidi ya kiganja chini ya uso wake. Niliupaka ubao wa chini rangi hiyo, nyeusi zaidi chini ya gati na nyepesi kidogo kuelekea nje, nikatia mikunjo kwa jeli nzito ya akriliki iliyopigwapigwa kwa brashi fupi, kisha tabaka tano za vanishi ya kung'aa. Karibu na ukuta wa nchi kavu niliacha tope lililofunuliwa, la plasta iliyochanganywa na vumbi lililochekechwa, na nikalipaka vanishi katika vidimbwi tu, kwa kuwa tope lote likimetameta hugeuka kuwa chokoleti.

Vifaa vidogo vya rezini vinapendeza vikitazamwa kwa mbali. Vigingi vya kufungia kamba za meli vina umbo sahihi, vyenye shingo nyembamba na kichwa kipana, ila vitatu kati ya vinane vilikuwa na mapovu ya hewa yaliyohitaji kuzibwa. Winchi ni donge lisiloeleweka. Tairi za kukinga ubavu wa mashua ni nyingi kupita mahitaji, nami nilitumia nne tu, zote zikiwa za ukubwa tofauti. Uzi uliotolewa kwa ajili ya kamba una manyoya, na katika skeli hii manyoya hayo yangekuwa marefu kama kidole. Uvute mara mbili juu ya kipande cha nta kabla ya kuutumia, na usiufunge ukakaza, kwa sababu chombo kinachopanda na kushuka na maji huachiwa kamba yenye ulegevu. Vishada viwili vya nguzo, vile vinavyosimama peke yake majini ili chombo kiegemee, vimehesabiwa vizuri: nguzo 7, moja katikati na sita kuizunguka. Niliongeza kimoja cha nguzo 19 kwa kuzungusha 12 nyingine nje ya hizo, nikakifunga kwa waya mwembamba wa shaba uliotiwa weusi, na kimekaa mbele ya gati kama bawabu.

Jambo moja ambalo seti inalidokeza lakini hailitimizi ni kukutana kwa reli na maji. Picha moja ya kijitabu inaonyesha tishali lenye reli juu yake likiwa limefungwa mbele ya gati, bila maelezo yoyote ya namna mabehewa yanavyolifikia. Ningependa watengenezaji wachukue hatua hiyo, kwa sababu ndiyo inayoufanya ubao mdogo wa bandari uwe na kazi ya kufanya. Katika mtaa wa Bronx huko New York, kampuni ya Central Railroad of New Jersey ilikuwa na kituo kidogo cha mizigo kilichofikiwa kwa matishali tu, chenye mapinda makali mno, na ni huko kilikofanya kazi kichwa cha treni namba 1000 cha mwaka 1925, kinachohesabiwa miongoni mwa vichwa vya kwanza vya dizeli na umeme vilivyofaulu kibiashara. Reli nzima, yenye kuingiza na kutoa mabehewa kila siku, bila kuunganishwa na reli nyingine kwa nchi kavu: mjenzi asiye na nafasi angetaka nini zaidi? Tishali halisi la mita 100 hudai mita 1.15 za ubao, lakini la nusu ya urefu huo, likiwa na njia mbili, halimchukizi mtazamaji. Daraja la kuhamishia mabehewa nimelijenga mwenyewe kwa vipande vilivyobaki vya leza na plastiki, nikiangalia picha za lile la Mtaa wa 69 huko Manhattan, la mwaka 1911, ambalo kiunzi chake kingali kimesimama kando ya mto Hudson. Daraja huning'inizwa kwenye kiunzi hicho ili lifuate maji yakipanda na kushuka, na lifuate pia tishali linapoinama kwa uzito. Ninapoendesha, huweka mabehewa bapa mawili matupu mbele ya kichwa cha treni ili kichwa chenyewe kisikanyage daraja, kama walivyofanya wenye kazi hiyo. Kwa nyongeza hii gati langu limeacha kuwa pambo.

Je, seti hii inunuliwe? Kwa anayetaka kufungua sanduku, kubandika na kuweka, hapana. Atapata jukwaa lenye sakafu nzuri, na akiliangalia kwa usawa wa macho atakata tamaa. Kwa aliye tayari kukata ubao wake wa reli, kununua fito nyingine na kulishughulikia paa upya, ndiyo, na nasema hivyo bila kusita, kwa sababu kukata mbao za sakafu 200 na zaidi kwa usahihi ule kwa mkono kungemchukua mtu majuma mengi, na kuta za ghala zinatoa msingi imara wa kubadilisha. Mimi ningependa kuona toleo ambalo nguzo zinatolewa zikiwa ndefu, na kijitabu kikawa na ukurasa mmoja tu unaomwambia mjenzi akate wapi kulingana na kina alichonacho. Fito ndefu hazingeongeza uzito wa sanduku hata kwa kijiko.

Zile fito za milimita 3 nilizoziweka kando zilipata kazi mwishoni. Nilizikata vipande vifupi visivyolingana, nikavinyofoa ncha kwa koleo, nikavikwangua viuno na kuvipaka weusi, kisha nikavichomeka kwenye tope upande wa kushoto wa gati, katika safu 9 zenye nafasi ya milimita 57, vingine vimelala, vingine vimezama hadi kubakia alama tu. Vinasimama kama mabaki ya gati la zamani lililoliwa na wadudu kabla ya hili jipya kujengwa, na nafasi zile pana kati ya safu zinaeleza vizuri kwa nini lilianguka.